Tupeni Pa Kutazamia Meli

Hotuba ya mwalimu wa fizikia kwa wazazi na wanafunzi, Siku ya Wazazi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, asalaam alaykum. Na wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe. Wanangu wa kidato cha kwanza hadi cha nne, hamjambo.

Mwalimu Mkuu amenipa nusu saa niseme na wazazi juu ya masomo ya sayansi, nami namshukuru. Lakini leo nitazungumza juu ya meli. Mwenye kuitaka sayansi ataikuta humo humo, kwa sababu hata mimi ndimo nilimoikuta.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, wa tishari katika bandari hii. Najua watoto wengi hapa hawajapata kulisikia neno tishari, lakini mji huu umelishwa na matishari kwa miaka mingi sana. Tishari ni chombo cha chuma, bapa, kipana, mfano wa sinia lenye kingo. Halina tanga, na yale ya zamani hayakuwa na injini. Yalivutwa na tagi, boti ndogo zenye nguvu za kuvuta vyombo, kama ng'ombe anavyovutwa kwa kamba. Gati letu lilikuwa na kina cha mita 3 tu. Meli kubwa haikuweza kukaribia, basi ilitia nanga huko nje, kama kilomita 1.7 kutoka gatini, na matishari yakaifuata. Shehena inashushwa melini kwa winchi, inapangwa kwenye tishari, tishari linavutwa mpaka gatini, mzigo unapakuliwa tena. Gunia moja la ngano lilishikwa mara mbili kabla halijaingia ghalani. Robota la katani kutoka Korogwe nalo lilishikwa mara mbili kabla halijaondoka.

Kwa hiyo mimi nimekulia katika mji wa bandari ambao meli zake zilikaa mbali. Jioni mama akituruhusu tulikwenda Bustani ya Jamhuri, tukaketi ukingoni, tukazihesabu. Ukinyoosha mkono na kusimamisha kidole gumba, meli iliyotuelekezea pua inajificha nzima nyuma ya ukucha. Nilimwuliza baba mara nyingi: "Baba, ile ni kubwa kiasi gani?" Jibu lake lilikuwa lile lile: "Siku utakapokuwa chini yake, mwanangu, hutauliza."

Siku hiyo ilifika nikiwa na miaka 9, likizo ya Desemba, kaskazi imekwisha kuanza kuvuma. Alinipakia kwenye tishari tupu lililokuwa linakwenda kuchukua mzigo. Tulipotoka gatini meli ilikuwa ukucha. Tulipopita mbele ya kisiwa cha Toten ikawa nyumba. Kisha ikawa mtaa. Kisha, sijui niseme vipi, ikaacha kuwa kitu kinachoonekana kwa jicho moja, ikawa ukuta. Ukitazama kushoto ni chuma, ukitazama kulia ni chuma, na juu, mbali sana, kichwa cha baharia kimejitokeza kama punje ya choroko. Rangi nyekundu ya chini ilikuwa imejaa makovu ya kutu. Ilinuka mafuta, chumvi na rangi. Na ilikuwa na sauti. Watu hawawaambii watoto kwamba meli iliyotia nanga ina sauti: mngurumo wa chini kabisa, unaousikia kwa kifua kabla ya masikio, na maji yanayopiga ubavuni yakirudi na mwangwi kama unapogonga pipa tupu.

Nilinyamaza. Mimi ambaye nyumbani niliitwa kasuku.

Tuliporudi jioni nikapata swali. Msumari unazama. Shoka likianguka kisimani halirudi. Mbona ule ukuta wa chuma unaelea? Baba hakusoma kupita darasa la saba, na hakujua jina la Archimedes, yule Mgiriki wa kale aliyeeleza siri ya kuelea. Alikwenda jikoni akarudi na kijiko, bakuli la bati na ndoo ya maji. Kijiko kikazama. Bakuli, zito kuliko kijiko, likaelea. Halafu akanipa kopo la mchele akaniambia nitie konzi moja moja. Kila konzi, bakuli likashuka kidogo. Akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari ubavuni mwa bakuli pale maji yalipofika, tukaendelea kutia, akachora mwingine. "Bakuli linayasukuma maji yapishe njia," alisema, "na maji nayo yanalisukuma. Yakiwa sawa kwa sawa, unaelea. Ukizidisha mchele..." Akazidisha mchele. Mama alikasirika sana siku ile, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufundishwa somo ambalo leo nalipwa mshahara kulifundisha.

Wanangu wa kidato cha pili, tufanye hesabu. Chukua meli ya urefu wa mita 180 na upana wa mita 30. Si kubwa; ulimwenguni hiyo ni ya kawaida. Kwa kuwa mbele imechongoka, eneo lake pale inapokatwa na maji si pembe nne kamili, tuseme ni asilimia 85 ya hiyo pembe nne. Tunapata mita za mraba 4,590. Meli ikishuka sentimita 1 tu, upana wa ukucha wa kidole changu kidogo, imesukuma mita za ujazo karibu 46 za maji, na maji ya chumvi yana uzito wa kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo. Jibu ni tani 47. Tani 47 kwa sentimita moja! Ndiyo maana shehena ya kumwaga, kama ngano au klinka, yale mawe yaliyochomwa ya kusagwa kuwa saruji, inaweza kupimwa bila mzani. Mpimaji anazunguka na boti, anasoma tarakimu zilizochorwa mbele, katikati na nyuma ya meli, anaandika. Shehena ikishushwa anasoma tena. Meli ikiwa imeinuka mita 2, imetua zaidi ya tani 9,000, yaani malori 300 ya tani 30 kila moja. Ile mistari ya mkaa kwenye bakuli letu la bati, ndiyo hiyo hiyo.

Na iko alama nyingine ubavuni mwa meli, ambayo kwangu mimi ni alama nzuri kuliko bendera zote. Ni duara lililokatwa katikati kwa mstari, na pembeni yake ngazi ndogo ya mistari yenye herufi. Inaitwa mstari wa Plimsoll. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge wa Uingereza, si baharia. Enzi zake walikuwapo wenye meli waliojaza mizigo kupita kiasi kwenye vyombo vibovu vilivyokatiwa bima nono; chombo kikizama, mwenye mali analipwa, wajane wa mabaharia wanalia. Alipiga kelele bungeni mpaka sheria ikapita, mwaka 1876, kwamba kila meli ichorwe alama ya mwisho wa kuzama. Zile herufi za pembeni ni za majira na maji: bahari ya tropiki kama hii yetu ina herufi T, na hapo meli inaruhusiwa kushuka zaidi, kwa kuwa bahari hizi kwa kawaida ni tulivu kuliko zile za baridi. Mstari wa chini kabisa una herufi WNA, nao ni wa Atlantiki ya Kaskazini wakati wa kipupwe, mahali ambapo bahari haina huruma, na meli lazima ibaki juu. Ukiwa na darubini unaisoma yote hiyo ukiwa nchi kavu. Nyaraka zinaweza kudanganya, lakini mstari ule ukiwa chini ya maji, meli imezidishiwa, hata mtoto anaona.

Wengine mnajiuliza kwa nini meli zimekuwa kubwa namna hii. Wanawake wa Tanga wanalijua jibu kuliko mimi. Ukipika ubwabwa wa harusi, hupiki katika sufuria ndogo 50; unatafuta sufuria kubwa, kwa sababu sufuria kubwa hula kuni kidogo kwa kila sahani. Meli ni hivyo hivyo. Zidisha urefu mara 2, upana mara 2, kimo mara 2: ngozi yake ya chuma, ile inayosuguana na maji, imekuwa mara 4, lakini tumbo lake limekuwa mara 8. Tumbo linakua haraka kuliko ngozi. Kwa hesabu hiyo ndogo watu wamefika kwenye meli za makontena za mita 400, na mwaka 2006 ikaingia baharini Emma Maersk ikiwa na injini yenye kimo cha mita 13.5 na uzito wa tani 2,300. Injini hiyo inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Haya mapangaboi juu ya vichwa vyetu yanaishinda mbio. Nguvu nyingi mno, bila haraka yoyote. Mimi nikifikiria jambo hilo nasisimka mwili, na sioni haya kuwaambia.

Nimefika kwenye makontena, na hapa lazima niseme taratibu, kwa sababu humu ukumbini wamo watoto na wajukuu wa makuli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori, na alichoka kuona dereva anangoja siku nzima gunia moja moja lishushwe. Kupakia tani moja kwa mikono kulimgharimu dola 5.86; kwa sanduku, senti 16. Hesabu hiyo iliuzunguka ulimwengu wote. Iliposhuka mpaka kwetu, magenge ya watu 20 waliobeba kwa mabega, wakiimba ili wapumue pamoja, yalipungua, mwisho yakabaki mtu na winchi na mtu na karatasi. Baba alikuwa na rafiki yake, kuli mwenye mabega kama mlango, ambaye baada ya kupunguzwa kazi alikuwa anakuja bandarini kila asubuhi akae tu nje. Hakuwa na shida ya kula, wanawe walimtunza. Alikuja kutazama. Nilipokuwa mdogo nilimwonea huruma, nikidhani anaililia kazi. Sasa nadhani kulikuwa na jambo zaidi: alikuwa mtu aliyezoea kushika kitu kikubwa kwa mikono yake, na mikono imekumbuka.

Bega la mtu limehifadhiwa, hilo ni kweli, na mgongo wa baba yangu ungefaidika na winchi miaka 20 mapema. Lakini siwezi kuisifu mashine nikawasahau waliokuwa mashine kabla yake.

Katani ni jambo jingine la kushangaza. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya katani kutoka Florida, asili yake Mexico. Ikasafirishwa kupitia Hamburg, mingi ikafa njiani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa miche 62. Sitini na mbili! Ingeweza kutosha kwenye mkokoteni. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yote mliyoyaona kutoka hapa mpaka Mombo, na mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani karibu 230,000. Robota baada ya robota likapita kwenye matishari yetu. Na katani hutengenezwa kamba, pamoja na kamba za meli. Basi fikirini: meli inakuja imetia nanga mbele ya mji, inachukua katani, inakwenda Ulaya, katani inasokotwa kamba, kamba inaifunga meli gatini. Baba alikuwa akizigusa kamba za meli kwa kiganja na kusema, "Huyu ni wa kwetu." Baadaye ikaja nailoni, ukoo ule ukakatika.

Mwaka ule ule wa 1893 ndipo ilipoanza kujengwa reli hapa Tanga, ya kwanza katika bara letu hili la Tanzania, ikafika Moshi mwaka 1911. Vichwa vya treni vilishushwa baharini. Nawaomba mlitazame neno moja. Fundi wa jahazi huziita mbavu za chombo mataruma. Relini pia, vile vipande vinavyolala chini ya vyuma vinaitwa mataruma. Babu zetu walipoliona jitu lile jipya linalalia mbavu, walilipa jina walilokwisha kuwa nalo. Na mkiingia ndani ya meli ya chuma ya leo, kabla haijapigiwa ngozi, mtaona mataruma yale yale na mkuku ule ule chini. Fundi wa Pangani anayechonga mashua kwa tezo, na fundi wa Korea anayechomelea meli ya mita 400, wangeelewana kwa ishara tu.

Sasa nije kwenye siku zetu. Serikali kupitia Mamlaka ya Bandari ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba na kupanua bandari yetu, kazi ikakamilika 2023. Kina kimetoka mita 3 hadi mita 13, na gati limekuwa na mita 450 za kuegesha meli. Magazeti yaliandika juu ya tani na mapato, na ni haki yao. Mimi nataka kusema juu ya asubuhi moja tu. Nilikuwa natoka Chumbageni nakuja mjini, nikafika pale Bustani ya Jamhuri kama nilivyozoea miaka yote, nikanyoosha mkono na kidole gumba. Kidole hakikutosha. Meli ilikuwa gatini. Jengo zima jeupe la meli, na madirisha yake, limesimama juu ya mabati ya maghala, limezidi minazi. Tagi mbili zilikuwa zinaondoka ubavuni kwake, ndogo, kama vifaranga. Nilikaa kwenye benchi nikalia, maana baba alifariki kabla ya kuliona gati lake likiguswa na meli kubwa. Mama mmoja muuza kahawa akanisogelea, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, natazama meli. Akaitazama naye kwa muda. Akasema, "Kumbe."

Hilo "kumbe" lake ndilo lililonileta mbele yenu. Yule mama anauza kahawa pale kila siku, meli zinakuja, zinakwenda, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana haki ya kuketi azishangae. Katika Kiswahili chetu kushangaa kumekuwa tusi. "Unashangaa nini, mshamba?" Mtoto akisimama kutazama winchi inainua kontena, anavutwa sikio. Mimi nasema kwa moyo wangu wote kwamba mtoto yule hajapoteza muda. Anapima. Macho yake yanakwenda kwenye lori, yanarudi kwenye kontena, yanakwenda kwa mtu aliyevaa kofia ngumu, na kichwani linazaliwa swali: hii haianguki kwa nini? Nimefundisha miaka 22. Nikiwa na darasa lenye watoto watatu wa namna hiyo, darasa zima linapita.

Na Tanga hatuna uhaba wa vitu vya kutazama. Pale Pongwe kiwanda cha saruji kimeanza uzalishaji mwaka 1980. Tanuri la saruji ni bomba la chuma lililolazwa ubavu kidogo, linazunguka polepole mchana na usiku, na tumboni mwake mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi nyuzi 1,450. Nyuzi hizo hata chuma cha kawaida kinalegea; bomba halilegei kwa sababu limejengewa matofali ya moto kwa ndani. Shukeni kwenye daladala siku moja mtazame tu mabomba na ngazi zake.

Nendeni hata Chongoleani. Mnajua bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya nchi yetu, mwisho wake ni rasi ile mnayoiona kutoka Raskazone hali ya hewa ikiwa safi. Matangi ni manne, kila moja la mapipa 500,000, karibu lita milioni 80. Ukitaka kulijaza kwa maboza ya maji ya lita 10,000, utahitaji maboza 8,000. Na mafuta yenyewe yana tabia ambayo kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi anaijua. Peleka chupa hiyo Lushoto mwezi wa saba, asubuhi imeganda, unaitoa kwa kijiko. Mafuta ghafi ya Uganda yamejaa nta, yakipoa yanaganda hivyo hivyo ndani ya bomba. Kwa hiyo bomba limefunikwa kama mtoto mchanga na linapashwa moto kwa umeme, yabaki kwenye nyuzi 50 njia nzima. Wapo waliotoa mashamba na minazi yao kulipisha bomba hilo, wengine mko hapa, na sitaki mtoto yeyote ayatazame matangi yale bila kujua nani alikuwa analima pale. Kujua hilo ni sehemu ya kutazama.

Sehemu nyingine ya kutazama ni kujua aliye chini ya maji. Wavuvi wetu walipoanza kuvua silikanti, samaki ambaye kabla ya 1938 wataalamu walidhani ametoweka zamani za mijusi mikubwa, dunia ilishtuka. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya silikanti hapa Tanga. Meli ya mita 200 inapita juu, na chini katika mapango ya giza amelala mzee ambaye hajabadilika sana kwa mamilioni ya miaka. Kila nikifikiria bandari yetu nawafikiria wote wawili.

Vitu vikubwa pia vimeletwa hapa kwa ubaya. Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli iliyokuwa ya Waingereza, iliyotekwa na Wajerumani na kujifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya mji huu, baada ya kuzunguka Afrika nzima ikiwa na risasi na bunduki. Jina lake halisi Rubens. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifyatulia mizinga. Nahodha akaifungulia maji meli yake mwenyewe ikakaa chini kwenye maji mafupi. Waingereza wakaona moto, wakadhani imekwisha, wakaondoka. Shehena ikaopolewa, risasi zikaanikwa zikauke, na vita katika nchi hii vikaendelea miaka mingine mitatu, na waliobeba mizigo ya vita hivyo ni wapagazi weusi waliokufa kwa maelfu na maelfu. Meli ikibeba kitu, hubeba kweli. Hapa sitakaa sana.

Bado bahari ni kubwa kuliko wote. Machi 2021 dunia nzima ilijifunza jina la Ever Given, meli ya mita 400 iliyokwama ubavu katika mfereji wa Suez tarehe 23. Tagi zikavuta, mashine zikachimba, mamia ya meli zikapanga foleni pande zote mbili. Siku ya 6 ikatoka. Wengi walishangilia tagi, na zilistahili. Lakini watu wa pwani tulitazama kalenda: mwezi ulikuwa mpevu tarehe 28, na tarehe 29 meli ikaelea. Lilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu! Maji yale yale ambayo mvuvi wa Mwambani huyangoja apitishe ngalawa juu ya mwamba, ndiyo yaliyoisaidia meli ya makontena 20,000. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tangu tarehe 1 Julai 2004 bandari za kimataifa duniani kote zinafuata kanuni za ulinzi zilizotungwa baada ya Marekani kushambuliwa mwaka 2001. Ukuta, geti, kitambulisho. Sizipingi. Winchi ikiachia mzigo haichagui, na bandari si mahali pa mtoto kukimbia. Lakini matokeo yake ni kwamba meli zimesogea karibu na sisi tumesogezwa mbali. Mimi wa miaka 9 nilifika chini ya ubavu wa meli iliyokuwa karibu kilomita 2 baharini. Wanafunzi wangu wa leo, meli iko mita mia kadhaa kutoka barabarani, na hawajawahi kusikia sauti yake.

Pale Wedel, karibu na Hamburg, ukingoni mwa mto Elbe, tangu mwaka 1952 kuna mahali pa watu kuketi na kunywa chai, na kila meli kubwa inayopita inasalimiwa kwa bendera na kupigiwa wimbo wa taifa lake. Watu wanasimama na watoto wao wakiipungia mikono. Mabaharia hulia, nimeambiwa, wakisikia wimbo wa kwao ugenini. Hamburg ndiko ilikopita miche yetu 62. Sisi tunaojisifu "waja leo, waondoka leo", tunaojiona mabingwa wa ukarimu, meli inakuja kutoka upande wa pili wa dunia na hakuna hata anayejua jina lake.

Naomba wenye dhamana, na baadhi yenu mko hapa, mtupe pa kutazamia. Si jengo. Banda la makuti lenye mabenchi mahali pa juu, nje ya uzio, na ubao mmoja unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi: jina la meli, bendera yake, imetoka wapi, imeleta nini. Naomba darasa moja kila muhula liruhusiwe kuingia geti kwa utaratibu, kofia ngumu vichwani, wasimame dakika 10 chini ya ubavu wa meli, wanyamaze, wasikilize. Wazazi nanyi nawaomba: mtoto akiduwaa mbele ya lori la vyuma au mnara wa simu, msimvute. Simameni naye.

Wakati tukingoja majibu, mimi naanza na nilicho nacho. Jumamosi maji yanajaa saa 3 asubuhi, nitakuwa Raskazone upande wa mlango wa bandari. Ipo meli nje imetia nanga tangu jana, na huenda ikaingia na maji hayo. Tutasoma tarakimu za kina chake ikiwa imejaa, na wiki ijayo tutazisoma tena ikitoka tupu, halafu tutapiga hesabu imeacha tani ngapi Tanga. Njooni na daftari na kofia za jua. Darubini ni moja, ya baba, tutapokezana.